Ndani ya Ukuta Usiofunuliwa: Historia ya Paneli za Kuhami Joto na Suala la Kumchagua Mtengenezaji katika Ujenzi wa Nyumba nchini Marekani, 1935–2009

1.0 Utangulizi

Historia ya nyumba mara nyingi huandikwa kama historia ya mitindo: umbo la paa, mpangilio wa vyumba, nakshi za milango. Ni nadra historia hiyo kuuliza ni nani aliyejua kilichomo ndani ya ukuta, na mwenye nyumba alikuwa na njia gani ya kulihakiki neno la mjuzi huyo. Makala haya yanaliuliza swali hilo kuhusu aina moja ya ujenzi iliyozuka nchini Marekani katika miaka ya 1930, yaani ujenzi wa paneli za kuhami joto zinazobeba mzigo wa jengo, ambazo katika biashara hujulikana kwa kifupi cha SIP.

Maandishi mengi kuhusu paneli hizi ni ya wauzaji, nayo husifu mambo mawili: nyumba husimama upesi, na hutumia nishati kidogo. Sifa hizo si za uongo. Hata hivyo, zinafunika badiliko lililo zito zaidi kwa mwanahistoria. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba paneli ziliuhamisha uaminifu kutoka kwa seremala, aliyefanya kazi mbele ya macho ya mwenye nyumba, hadi kwa kiwanda kilicho mbali. Na kwamba taasisi za kuubeba uaminifu huo zilichelewa kuundwa kwa zaidi ya nusu karne. Katika kipindi hicho chote, kumchagua mtengenezaji kulikuwa sehemu ya uhandisi wa nyumba yenyewe, hata kama mnunuzi alidhani anafanya ununuzi wa kawaida.

2.0 Paneli ni Kitu Gani

Paneli inayozungumziwa hapa ina tabaka tatu. Katikati pana kiini chepesi cha povu gumu, na kila upande wa kiini hicho pamegundishwa bamba jembamba la mbao. Tangu miaka ya 1980 bamba hilo kwa kawaida limekuwa ubao wa OSB, yaani ubao unaotengenezwa kwa vipande bapa vya mti vilivyopangwa, vikatiwa gundi na kushindiliwa kwa joto. Unene wa kawaida wa bamba ni inchi 7/16, takriban milimita 11. Paneli nzima ya ukuta huwa na unene wa inchi 4½ au 6½, na ukubwa wake huanzia futi 4 kwa 8 hadi futi 8 kwa 24.

Namna paneli inavyobeba mzigo hueleweka vyema kwa kuilinganisha na boriti ya chuma yenye umbo la herufi I. Mabamba mawili ya nje hufanya kazi ya mikono ya juu na ya chini ya boriti hiyo, na povu hufanya kazi ya kiuno kinachoitenga mikono isikutane wala isiteleze. Povu peke yake huvunjika kwa mkono, na bamba peke yake hupinda kwa uzito wa mtu mmoja. Vikigundishwa, huwa ukuta au paa lisilohitaji nguzo ndani yake. Kutokana na hilo hufuata jambo litakalorudiwa mara kadhaa katika makala haya, kwamba nguvu ya paneli yote imo katika gundi na katika uzima wa mabamba, na vyote viwili havionekani baada ya nyumba kukamilika.

Inafaa kutenganisha paneli hii na jamaa yake inayojulikana zaidi Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzisha kiwanda Mavoko, katika Kaunti ya Machakos, cha kutengeneza paneli za polistirini zilizofungwa kwa wavu wa chuma. Paneli hizo husimamishwa kwenye eneo la ujenzi, kisha hupakwa zege pande zote mbili. Zote mbili huitwa paneli, na zote mbili zina povu katikati, lakini katika ile ya Mavoko kinachobeba mzigo ni zege na chuma, na zege hilo hupakwa na fundi mbele ya mwenye nyumba au msimamizi wake. Katika paneli ya mbao, tabaka linalobeba mzigo limeshaungwa kiwandani kabla lori halijafika. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta swali la makala haya.

3.0 Maabara ya Umma, Madison

Mwanzo wa teknolojia hii haukuwa sokoni. Ulikuwa katika Maabara ya Mazao ya Misitu mjini Madison, jimbo la Wisconsin, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1910 na Idara ya Misitu ya Marekani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, maabara hiyo ilikuwa na mashaka mawili kwa pamoja: familia nyingi hazikuwa na nyumba nzuri za bei nafuu, na misitu ilikuwa ikikatwa kwa wingi ili kupata mbao nzito ambazo, kwa hesabu za wahandisi, zilizidi mahitaji. Katika ukuta wa kawaida wa fremu, nguzo za mbao ndizo zilizohesabiwa kuwa zinabeba mzigo, na ubao uliopigiliwa juu yake ulichukuliwa kama kifuniko tu. Watafiti waliuliza kwa nini kifuniko hicho kisifanye kazi.

Mwaka 1935 maabara ilijenga nyumba ya majaribio ya paneli ambazo ngozi zake za plaiwudi ziligundishwa kwenye fremu nyembamba ili ngozi na fremu vibebe mzigo kwa pamoja. Mwaka 1937 ilisimama nyumba nyingine ndogo ya aina hiyo, nayo ikavuta macho ya watu kiasi kwamba Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alifika kuizindua. Nyumba hiyo ilistahimili majira ya baridi ya Wisconsin kwa miaka mingi na baadaye ikatumiwa na chuo kikuu kama kituo cha kulelea watoto mchana. Iliondolewa mwaka 1998 kupisha jengo jipya la shule ya famasia.

Katika mji huohuo na miaka hiyohiyo, Frank Lloyd Wright alikamilisha nyumba ya familia ya Jacobs, ya kwanza katika zile alizoziita nyumba za Usonia. Ilimalizika mwaka 1937 kwa dola 5,500, ujira wake ukiwemo. Kuta zake zilikuwa za tabaka tatu za mbao zilizofungwa kwa skrubu, bila fremu ya nguzo. Waandishi wa matangazo ya paneli hupenda kumtaja Wright kama babu wa teknolojia hii, lakini dai hilo lina udhaifu. Ukuta wa Wright ulikuwa wa tabaka, ndiyo, ila haukuwa na kihami joto, na kwa hali ya hewa ya Madison hilo si dogo. Alichoonyesha Wright ni kwamba ukuta mwembamba usio na nguzo unaweza kuwa na uzuri wake. Kipimo cha nguvu na cha joto kilikuwa kazi ya maabara.

Vita vya Pili vya Dunia viliipeleka mbele elimu ya gundi na ya miundo ya tabaka. Ndege ya Uingereza iitwayo Mosquito ilikuwa na kiwiliwili cha plaiwudi chenye kiini cha mti mwepesi wa balsa, na Maabara ya Madison nayo ilihusika na utafiti wa mbao za ndege. Vita vilipokwisha, watafiti wakarudi kwenye nyumba wakiwa na wazo kubwa zaidi: iwapo ngozi ni imara ya kutosha, fremu iondolewe kabisa. Mwaka 1947 walijenga jengo la majaribio lenye paneli za viini vya karatasi ya mikunjo na ngozi za aina mbalimbali, zikiwemo plaiwudi, ubao mgumu na karatasi nene iliyotiwa dawa. Jengo hilo liliachwa juani na thelujini kwa miaka 31. Lilipobomolewa mwaka 1978, paneli nyingi zilikutwa na nguvu zake za awali, isipokuwa zile za ngozi ya karatasi, ambayo haikuihimili hali ya nje. Mwaka 1967 zilitumika paneli za kiini cha polistirini zenye ngozi za plaiwudi.

Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko matokeo yake. Taasisi ya umma, isiyo na paneli hata moja ya kuuza, ilijenga, ikasubiri miaka thelathini, ikafumua na kupima, kisha ikachapisha hata yale yaliyoshindwa. Mtu aliyesoma ripoti zake alijua paneli ya karatasi haifai nje, na hakuhitaji kumwamini mtu yeyote ili kulijua hilo. Hakuna mnunuzi wa baadaye aliyewahi kupewa ushahidi wa namna hiyo na muuzaji, kwa sababu iliyo wazi: kiwanda hakiwezi kungoja miaka 31 kabla ya kuuza.

4.0 Kutoka Maabara hadi Kiwandani

Kiini cha povu kililetwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya pekee ya kukileta. Alden B. Dow alikuwa mbunifu majengo aliyekaa Taliesin kwa Wright mwaka 1933, na wakati huohuo alikuwa mwana wa Herbert Henry Dow, mwanzilishi wa kampuni ya kemikali ya Dow mjini Midland, Michigan. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza polistirini iliyotandazwa kuwa povu gumu, ijulikanayo kwa jina la Styrofoam, ambayo wakati wa vita ilitumika kwa vyombo vya kuelea. Dow alikerwa na udhaifu uleule wa kuta za mwalimu wake, na mwaka 1952 akaanza kubuni nyumba za paneli zenye kiini cha povu huko Midland. Kwa sababu hiyo, waandishi wa tasnia humtaja kama mwanzilishi wa paneli kwa maana yake ya leo.

Katika habari ya Midland, muuzaji, mbunifu na msimamizi walikuwa karibu kuwa mtu mmoja. Povu lilitoka katika kampuni ya familia, michoro ilitoka kwa Dow mwenyewe, na nyumba zilisimama katika mji alioishi. Kosa lolote lingemrudia mlangoni. Hali hiyo haikuweza kuzidishwa kwa nyumba elfu moja, sembuse elfu mia.

Jaribio la kuizidisha lilikuja mwaka 1959, kampuni ya Koppers ilipogeuza kiwanda cha magari mjini Detroit kuwa cha kutengeneza paneli za polistirini ya punje zilizopanuliwa kwa mvuke. Kampuni nyingine zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hazikufua dafu. Mbao zilikuwa rahisi, mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa rahisi zaidi, na maseremala walikuwa wengi. Familia ya Kimarekani ya mwaka 1960 haikuwa na sababu ya kulipa zaidi ili kuokoa kitu ambacho bei yake haikuiumiza.

5.0 Bei ya Mafuta na Ubao Mpya

Sababu hiyo ilipatikana ghafla mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao kuuzwa Marekani. Kuanzia hapo swali la unene wa kihami joto likatoka katika vitabu vya wahandisi na kuingia katika mazungumzo ya sebuleni.

Wateja wa kwanza wa kudumu wa paneli walikuwa mafundi wa kundi lisilotazamiwa. Katika majimbo ya New England, vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wamefufua ufundi wa zamani wa fremu nzito za mbao zilizounganishwa kwa ndimi na vigingi vya mti. Fremu hizo zilipendeza zikionekana kutoka ndani, na kuzijazia kihami joto katikati ya boriti kungeziharibu. Paneli ilizungushwa nje ya fremu kama nguo, ikaacha mbao zote zikionekana. Katika nyumba hizo fremu ndiyo iliyobeba jengo, na paneli iliziba tu. Iwapo paneli ingekuwa mbovu, nyumba ingepata baridi lakini isingeanguka. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza paneli katika mazingira ambamo kosa lilisameheka, na pengine hapo ndipo ulipozaliwa uzembe wa maungio uliojidhihirisha baadaye.

Katika miaka ya 1980 ubao wa OSB ulichukua nafasi ya plaiwudi. Ulikuwa wa bei ya chini, ulitengenezwa kwa miti midogo inayokua haraka, na uliweza kutolewa kwa mabamba ya futi 8 kwa 24 ambayo plaiwudi haikuyaweza. Ulikuwa pia na udhaifu ambao kila seremala anaufahamu: kingo zake hunywa maji, hufura, na zikikaa na unyevu kwa muda mrefu huliwa na kuvu. Kwa hiyo tasnia ilibadilisha ngozi ya paneli, sehemu inayobeba mzigo, bila kurudia subira ya miaka 31 ya Madison. Matokeo ya paneli za plaiwudi yaliendelea kutajwa katika matangazo kana kwamba yalihusu paneli za OSB. Huko hakukuwa kudanganya kwa maneno, ila kulikuwa kuazima ushahidi usio wa mtu.

Mwaka 1990 watengenezaji waliunda chama chao cha kitaifa. Viwanda vilikuwa vingi na vidogo, kila kimoja na gundi yake, namna yake ya kuunganisha paneli na majedwali yake ya mizigo.

6.0 Mapaa ya Juneau

Mji wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska, hauna barabara inayouunganisha na miji mingine. Vifaa vya ujenzi hufika kwa maji au kwa ndege. Hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, hewa yake ni ya unyevu karibu majira yote, na gharama ya kupasha nyumba joto ni kubwa. Kwa mji kama huo paneli zilionekana kuwa jibu kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibainika kwamba katika baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa paneli, bamba la juu la paa lilikuwa limeoza, hasa kwenye mgongo wa paa na kando ya mistari ya maungio.

Maelezo ya kilichotokea ni ya fizikia sahili. Hewa ya ndani ya nyumba huwa na mvuke unaotokana na kupika, kuoga, kufua na kupumua. Hewa yenye joto hupanda, na katika nyumba iliyopashwa joto wakati wa baridi husukuma kwa nguvu zaidi pale juu kabisa, penye mgongo wa paa. Iwapo maungio ya paneli hayakuzibwa sawasawa, hewa hiyo hupenya katika upenyo mwembamba, hukutana na bamba la juu lililo baridi, na mvuke wake hugeuka maji palepale, kwenye kingo za OSB, sehemu isiyovumilia maji. Juu ya bamba pana vigae na karatasi ya kuzuia mvua, hivyo maji hayana njia ya kukauka kwenda nje. Ndani pana jipsamu iliyopakwa rangi safi. Kuoza huendelea kwa miaka bila doa lolote kuonekana chumbani.

Katika paa la kawaida la kenchi, ubao wa juu ukioza kenchi hubaki, na fundi hubandua ubao na kuweka mwingine. Katika paa la paneli bamba la juu ndilo nusu ya boriti. Likioza, paa halijapoteza kifuniko chake pekee; limepoteza mkono mmoja wa ile herufi I iliyoelezwa mwanzoni. Familia iliyolala chini yake haikununua paa lenye kasoro ndogo.

Chama cha watengenezaji kilichunguza mapaa hayo na kutoa ripoti mwaka 2002. Ripoti ilisema kwamba paneli zenyewe hazikuwa na kasoro. Maungio hayakuzibwa kama michoro ya watengenezaji ilivyoagiza. Msomaji makini ana haki ya kuipokea hukumu hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa na maslahi. Hata hivyo, inaafikiana na fizikia: kuoza kulifuata mistari ya maungio. Lisilosemwa kwa uzito unaostahili ni jambo jingine. Nyumba inayotegemea kwamba kila upenyo uzibwe bila kukosea hata mmoja, na fundi aliye mbali na kiwanda kwa safari ya bahari, juu ya paa, mvuani, ni nyumba ambayo mtengenezaji wake hajamaliza kazi anaposhusha paneli gatini. Kama michoro ilikuwepo, ni nani aliyehakikisha imefika mikononi mwa fundi? Kama ilifika, ni nani aliyepanda juu kutazama kabla vigae havijawekwa?

Tiba zilizopendekezwa baadaye zilikuwa mbili, na zote zilikubali kwamba binadamu hukosea. Ya kwanza ni utepe wa kuziba unaobandikwa upande wa ndani wa kila kiungo cha paa, juu ya povu na gundi za kuziba zilizokwishatiwa. Ya pili ni kuinua vigae juu ya nafasi ya hewa, ili unyevu ukiingia upate njia ya kutoka.

7.0 Mnunuzi na Uchaguzi Wake

Baada ya Juneau, mashauri kwa wanunuzi yalibadilika sauti. Yale ya awali yalilinganisha bei ya paneli kwa futi ya mraba na uwezo wake wa kuzuia joto. Vigezo vyote viwili vilikuwa na mtego. Bei ya paneli tupu haikujumuisha kukata nafasi za milango na madirisha, mbao za kuunganishia, usafiri, wala kreni ya kuinulia; na kiwanda kilichouza kwa bei ya chini mara nyingi kilikuwa kile kilichomwachia fundi kazi yote hiyo.

Kipimo cha joto nacho kilikuwa cha kati ya paneli, mahali penye povu tupu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee, walianza kupima ukuta mzima, pamoja na pembe, madirisha na maungio. Kwa kipimo hicho kila aina ya ukuta ilishuka, lakini ukuta wa fremu ya mbao ulishuka zaidi kuliko wa paneli, kwa kuwa nguzo zake nyingi hupitisha joto. Kwa hiyo kipimo kilichoonekana kuwapunguzia wauzaji wa paneli sifa ndicho kilichowatetea. Mwaka 2002 maabara hiyo ilishirikiana na shirika la hisani la Habitat for Humanity kujenga huko Lenoir City nyumba ya paneli yenye sola, ambayo gharama yake ya nishati ilikuwa karibu dola moja kwa siku. Nyumba hiyo iliwekewa mtambo wa kubadilisha hewa. Mnunuzi aliyeelezwa kuhusu gharama bila kuelezwa kuhusu mtambo alielezwa nusu ya habari, maana nyumba isiyovuja hewa haiwezi kuachwa ijipumulie yenyewe.

Chaguo la povu lilikuwa na historia yake. Poliurethini, kwa unene uleule, huzuia joto takriban mara moja na nusu ya polistirini ya punje. Hata hivyo, uwezo huo ulitegemea gesi iliyofungiwa ndani ya povu, na kwa miaka mingi gesi hiyo ilikuwa ya jamii iliyokuja kudhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Viwanda vya poliurethini vililazimika kubadilisha gesi, na baadhi vikabadilisha tena. Polistirini ya punje, inayopanuliwa kwa pentani, haikukutwa na msukosuko huo. Ikabaki ya bei nafuu na ndiyo iliyoenea zaidi. Mchwa na siafu wa mbao hawali povu, lakini hulichimba ili kujenga makao, na viwanda kadhaa vilianza kulitia chumvi za boroni. Kuhusu moto, kanuni zilidai povu lifunikwe upande wa ndani kwa kizuizi cha kustahimili dakika 15, ambacho kwa kawaida ni jipsamu ya nusu inchi.

Swali lililokuja kuwa gumu kuliko yote halikuhusu povu. Lilikuwa swali la nani ameikagua gundi. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kuipasua paneli aliyoilipia, njia iliyobaki ilikuwa kumtegemea mtu wa tatu. Taasisi za tathmini za kikanda, zilizounganishwa mwaka 2003 kuwa chombo kimoja cha kitaifa, zilitoa ripoti kwa kila mtengenezaji aliyewasilisha vipimo vyake na kukubali wakaguzi wa nje kuingia kiwandani mwake mara kwa mara. Ripoti hizo zilitaja aina ya bamba, povu na gundi kwa majina, na zilihusu mchanganyiko huo tu. Kiwanda kilichobadilisha gundi kwa sababu ya bei, kikaendelea kuonyesha ripoti ya zamani, kilikuwa kikiuza mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye muhuri. Kwa sababu hiyo, mnunuzi aliyeelewa alidai zaidi ya nakala ya ripoti. Alidai kuona alama ya mkaguzi juu ya paneli zenyewe zinaposhushwa.

Jambo la mwisho lilikuwa michoro ya kiwandani, inayoonyesha kila paneli kwa namba yake, kila kiungo, na kila mstari wa gundi ya kuziba. Katika nyumba ya fremu, seremala huweza kusahihisha kosa la mchoro kwa msumeno. Katika nyumba ya paneli, fundi anayekata mfereji wa waya za umeme katika bamba ameikata boriti. Viwanda bora vilitoboa njia za waya ndani ya povu kabla ya kusafirisha, vikatuma gundi na utepe wa kuziba katika shehena ileile, na vikamtuma mtu wao kuwa na mafundi siku za kwanza za ujenzi. Gharama ya mtu huyo ilionekana katika bei. Gharama ya kutokuwepo kwake haikuonekana popote mpaka paa lilipofunuliwa.

8.0 Kanuni za Ujenzi

Kwa muda wote huu paneli hazikuwa na mahali pao katika kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi. Mtu wa fremu ya mbao alifungua jedwali, akasoma ukubwa wa nguzo, akajenga. Mtu wa paneli alilazimika kumwonyesha mkaguzi wa mji ripoti ya mtengenezaji au hesabu zilizopigwa muhuri na mhandisi, na katika miji mingi mkaguzi huyo alikuwa hajawahi kuiona paneli. Uamuzi wa mtengenezaji gani atumike ulikuwa, kwa vitendo, uamuzi wa kanuni gani zifuatwe.

Hali hiyo ilibadilika katika nyongeza ya mwaka 2007 ya Kanuni za Kimataifa za Makazi, na sehemu hiyo mpya ikaingizwa katika toleo kamili la mwaka 2009. Kwa mara ya kwanza viliwekwa viwango vya pamoja vya bamba, kiini na gundi, pamoja na majedwali ambayo mjenzi wa nyumba isiyozidi ghorofa mbili angeweza kuyatumia bila kuajiri mhandisi, na paneli ilitakiwa kubeba alama ya taasisi ya ukaguzi. Ilikuwa miaka 74 tangu nyumba ya kwanza ya Madison. Sehemu hiyo ilihusu kuta peke yake. Kwa paa, mwenye nyumba aliendelea kutegemea ripoti ya mtengenezaji aliyemchagua na mhandisi aliyemwajiri.